Ukuta Ndani ya Landrova

Mume wangu alipopunguzwa kazi ya udereva serikalini, wenzake walikuwa na akili zao. Mmoja alinunua mashine ya kusaga, mwingine akaweka meza ya mitumba pale sokoni Mbinga, maana ulikuwa wakati wa ruksa na kila mtu alikuwa mfanyabiashara. Wangu mimi alikwenda mnadani, akarudi na gari la wagonjwa. Landrova ndefu, kuukuu, inayotoa moshi hata ikiwa imezimwa.

"Hii," aliniambia huku anaipigapiga ubavuni kama mtu anayesifia ng'ombe, "itakuwa nyumba."

"Nyumba tunayo."

"Ile haitembei, Mwalimu."

Mwalimu ndivyo alivyoniita nikikasirika, na nilikuwa mwalimu kweli, shule ya msingi, kwa hiyo sikuwa na pa kushtaki. Watoto wetu walikuwa wamekwisha kuondoka nyumbani. Yeye ni Mnyasa wa Lundo, amezaliwa na kasia mkononi, na mimi ni Mmatengo wa Kitura, tunaolima mashimo ya ngoro milimani na kuogopa maji yanayozidi ndoo. Alitaka kila likizo tushuke ziwani, tulale ndani ya gari letu, tuvue, tupande tena. Eti tutembee kama wazungu. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kwanza aling'oa ukuta uliotenganisha dereva na wagonjwa, ili nyumba iwe na nafasi. Akatia kitanda cha kukunja na godoro la sponji, kabati la vyombo lenye komeo ili sahani zisiruke, pipa la maji lenye bomba juu ya paa. Kila mwezi alikuwa na jambo jipya. Akaongeza springi za lori, na tangu siku hiyo gari likawa linatupa kama punda mwenye hasira. Mwisho akachonga mtumbwi mfupi wa watu wawili, akaufunga juu ya paa kwa mipira ya tyubu na kuufunika shuka ili jua lisiupasue.

Sasa fikiria mwenyewe. Gari la wagonjwa linapita taratibu, juu yake kitu kirefu cha mbao kimefunikwa shuka jeupe. Tulipopita Ukata, kina mama waliokuwa wanatoka shambani walitua mizigo, wakapiga ishara ya msalaba. Mmoja akaanza kuomboleza. Nikamwambia mume wangu asimame nikawaeleze. Akakataa, akasema tukisimama watataka kumjua marehemu.

Safari hiyo ya kwanza nilijifunza kupiga kasia. Nasema nilijifunza, lakini ukweli ni kwamba mtumbwi ulizunguka palepale kama kuku aliyefungwa mguu, kisha ukanimwaga. Maji yalikuwa ya magotini. Nilipiga yowe lililosikika Liuli. Mume wangu alisimama mchangani akicheka, ameshika tumbo, na samaki wa mbasa aliyemvua asubuhi akanyakuliwa na mbwa wakati anacheka. Mungu si Athumani. Usiku huo tulikula ugali kwa maharage, naye hakuthubutu kulalamika.

Basi, ingekuwa ni hivyo tu, ningekuwa nakusimulia vichekesho. Lakini kulikuwa na mama yangu.

Mama aliishi Kitura na kahawa yake. Nyuma ya nyumba kuna kilima, na siku mvua ikishaosha anga, ukipanda juu unaona mstari mwembamba unaong'aa mbali kabisa. Hilo ni ziwa. Mama aliutazama mstari huo tangu utoto wake na hakuwahi kuligusa ziwa lenyewe. Mwaka ule macho yake yalianza kufifia. Daktari akasema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Mama aliposikia hivyo hakulia. Alisema, "Nipelekeni nikalione ziwa, kabla hakujaingia kiza." Hakuniomba jambo jingine.

Kazi ilikuwa mkwe wake.

Katika ukoo wetu, mama wa mke na mkwe wake wa kiume hawatazamani, hawali pamoja, hawaongei. Wakikutana njiani, mmoja anaingia shambani. Miaka yote ile ya ndoa, mimi ndiye niliyekuwa simu yao. Tukifika Kitura, mume wangu anasimama nyuma ya jiko.

"Mwambie mama shikamoo."

"Mama, anasema shikamoo."

"Mwambie mtu wako marahaba. Mwambie amekonda."

"Anasema umekonda."

"Nimesikia," anasema yeye, kisha anakumbuka, "mwambie nimesikia."

Ipo njia ya kuimaliza aibu hiyo: zawadi zinapelekwa, watu wanakula pamoja, yamekwisha. Ndugu walimshauri mama mara nyingi. Ng'o! Alisema mkwe anayekukwepa ni mkwe anayekuheshimu, na wale waliozoeleka ndio hao wanaokuja kukuomba chumvi usiku.

Na nyumba yetu ya magurudumu ilikuwa chumba kimoja. Ule ukuta aliouvunja, sasa ilibidi aujenge upya.

Mtu mwingine angepigilia plaiwudi siku moja tukaondoka. Mume wangu, loo! Huyo alikuwa anamjengea mkwe. Plaiwudi ya kwanza ilikuwa na tundu, akasema mama ataonekana. Akaitoa. Ya pili ilitetemeka njiani na kupiga kelele, akasema mama atashindwa kusali rozari. Akaweka mbao. Akatoboa kidirisha kidogo cha mimi kupitishia maneno, akakitia pazia, akaona pazia ni jepesi, akaweka mawili. Akamtengenezea mama kiti chenye mito na kingazi cha mlango wa nyuma. Likizo ikapita. Mvua zikaja, barabara ya kushuka ziwani ikawa utelezi mtupu. Likizo nyingine ikaja, akasema bado rangi.

"Haraka haraka haina baraka," aliniambia.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo!" nikamjibu. "Na hii yako itamaliza macho ya mama yangu. Unapaka rangi ili nani aione?"

Nilikuwa na hasira ya kweli, siyo ile ya utani. Nilipokwenda Kitura mara ile nilimkuta mama anamimina chai nje ya kikombe, naye akajifanya amefanya makusudi kupoza meza. Nilirudi Mbinga nikamwambia mume wangu tunaondoka Jumamosi, rangi au bila rangi.

Tukaondoka. Mama alipanda kwa nyuma na rozari yake na kigoda chake mwenyewe, maana kile kiti chenye mito alisema ni cha maaskofu. Mimi nilikaa mbele, kisogo changu kwenye kidirisha. Mume wangu alikuwa amekigeuza kioo cha kutazamia nyuma kikatazama paa, na vile vya pembeni amevifunika vitambaa, asije akamwona mama kwa bahati mbaya akichungulia dirishani. Nilimwuliza ataonaje nyuma. Akasema dereva mzuri hana haja na nyuma.

Katikati ya mteremko, kwenye kona, tukakutana na lori la mnunuzi wa kahawa linapanda. Barabara haikutosha. Ilibidi sisi turudi nyuma.

Mume wangu akaweka rivasi. Kugeuka hawezi, nyuma kuna mkwe. Vioo vimevaa nguo. Akatazama mbele, akaanza kurudi, macho yake kwa dereva wa lori kana kwamba yeye ndiye atakayemwelekeza.

Mama alikuwa amekaa nyuma kabisa, na upande wa nyuma ulikuwa na dirisha. Kwa mwanga ule uliobaki machoni aliona ukuta wa udongo unamjia.

"Mwambie asimame!" mama akapiga kelele.

Jamani, alisikia. Kila mtu alisikia, hata dereva wa lori. Lakini maneno yale hayakuwa yake, yalikuwa yangu. Mume wangu akanigeukia kwa adabu zote, akasubiri nimfikishie, na gari likiendelea kurudi.

"Mama anasema si—"

Puu!

Mtumbwi ukatoka kwenye mipira yake, ukafuata mteremko, ukateleza juu ya paa, ukaja kukaa mbele ya kioo kama kofia iliyoshuka usoni. Kisha nyuma ya ukuta, mama:

"Mwambie mtu wako ameshasimama."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye alishuka, akaufunga mtumbwi bila kumtazama mtu, masikio yamemwiva.

Tulifika Lundo mchana, tukalala ufukweni, mama ndani ya gari na mimi, mume wangu kwa ndugu zake. Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia. Nilimshika mama mkono, nikamtembeza mpaka maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu. Alisimama muda mrefu. Nilimwuliza kama analiona. Akasema anauona mwanga.

"Lakini hapa ni ukingoni," akasema. "Yale ninayoyaona kutoka kwetu yako katikati."

"Katikati ni kwa mtumbwi, mama."

"Basi nipeleke."

Mimi! Nikatazama mtumbwi, nikatazama maji, nikakumbuka kuku aliyefungwa mguu. Nikamwambia nitamtafutia kijana yeyote pale kijijini, wote ni wavuvi. Akakataa. Hawajui watu hao, watamzamisha. Nikamwambia basi twende watatu na mume wangu. Lakini mtumbwi ulikuwa wa watu wawili, na mvuvi aliyekuwa anashona nyavu karibu nasi akasema kwa unene wangu ungekuwa wa mmoja. Sikumjibu, kwa sababu mama alikuwa hapo.

Vidole vya mama vikawa vinazungusha punje za rozari. Nilijua anachopima. Kama angesema hapana, tungerudi Kitura na ungekuwa mwisho, maana hakukuwa na likizo nyingine ndani ya macho yale. Mume wangu alikuwa amesimama mbali, nyuma ya gari, ametupa mgongo kama kawaida yake, lakini nilijua anasikiliza.

"Mpiga kasia anakaa wapi?" mama akauliza.

"Nyuma."

"Na abiria anatazama mbele?"

"Ndiyo, mama."

Akajitanda kanga mpaka kwenye paji la uso. "Mwambie mtu wako, huyo angalau namjua."

Sikuhitaji kumwambia. Mtumbwi ulikuwa tayari majini.

Niliwatazama wakiondoka, mama mbele amekaa wima kama yuko kanisani, mume wangu nyuma yake anapiga kasia taratibu, taratibu, mwanaume yule anayeendesha Landrova kama anafukuzwa. Wakawa wadogo. Kisha wakasimama. Nikaona mama anatumbukiza mkono majini. Nikaona mume wangu anampa mshipi wa kuvulia, akiupitisha juu ya bega lake bila kumgusa. Na nikaona kichwa cha mama kinageuka kidogo, na cha mume wangu kinainama mbele, na vinakaa hivyo. Walikuwa wanaongea! Bila mimi! Nilitembea ufukweni huku na huku kama mtu aliyeachwa na meli. Miaka yote niliwabebea maneno yao mgongoni, leo ndiyo wanaongea, na mimi sisikii hata moja.

Waliporudi mama alikuwa na kisamaki kimoja na kanga imelowa. Mume wangu alimshika kiwiko akamshusha. Niliuliza waliongea nini. Mama akasema, "Swali hilo la nini? Hayakuhusu." Nikamwuliza kama ameliona ziwa. "Nimeliona lote," akasema. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, mbele ya yule mvuvi na nyavu zake.

Tulipomrudisha Kitura, majirani walijaa sebuleni. Mimi nilikuwa pembeni nachambua maharage, mume wangu nje, chini ya gari, amepata jambo jingine la kurekebisha. Mama akaanza.

"Ziwa limenyooka kama barabara iliyopitishwa greda jana. Halina shimo hata moja. Na milima ya ng'ambo imepanga foleni, mmoja nyuma ya mwingine, kama malori yanayosubiri mizani."

Majirani wakaguna kwa kustaajabu. Mkono wangu ukasimama ndani ya maharage. Mama yangu hakuwahi kuona greda. Wala mizani ya malori.

Nikatoka nje, nikainama chini ya gari.

"Mama aliona nini kule?"

Akaendelea kukaza nati.

"Nakuuliza wewe."

"Tulipofika katikati," akasema, "aliniuliza maji yako wapi."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Nilitaka kumpigia kelele za plaiwudi, za mapazia mawili, za likizo zilizopita na rangi. Nilitaka kumpiga kwa spana yake mwenyewe. Badala yake nilianza kulia.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema umehangaika sana ili aone, kwa hiyo ameona." Akajisogeza akatoa kichwa nje, uso umejaa grisi. "Mwalimu, hilo ndilo jambo la kwanza mama kuniomba kwa mdomo wake mwenyewe. Ningelikataaje?"

Ndani tulisikia jirani mmoja anauliza kama ni kweli maji yale ni ya buluu, au ni maneno ya watu tu. Mama akakaa kimya. Nikafuta machozi haraka, nikainuka ili nikamjibie.

"Baba!" mama akaita kupitia dirishani, na hakuwa ananiita mimi. "Njoo ndani uwaambie rangi yake. Hawa wananibishia."

Mume wangu alitoka chini ya gari. Akanawa mikono kwenye bomba la paani, akanawa tena, akapita mlango wa mbele na kuingia.