Nilivyokishona Kitabu cha Nyota

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha kushonea vitabu, pale misheni, Fundi Mkuu hakunipa sindano. Alinipa sabuni. "Kanawe. Ukirudi, nawa tena." Nilikuwa na darasa la nne tu, lakini mikono yangu haikutetemeka. Akanifundisha kupika gundi ya unga isiyo na madonge, na kukunja karatasi kuwa mikunjo, yaani mafungu yanayopitishwa uzi mgongoni. Alikataza kabisa kutoboa tundu jipya penye la zamani.

Mwaka wangu wa kumi na moja kazini akaletwa Leokadia, aliyemaliza kidato cha nne. Miezi miwili tu, akapewa meza ya dirishani.

Ndipo Padri Mkutubi akatuletea kitabu cha ngozi kutoka Ulaya, cha mamia ya miaka. Uzi umeoza, mikunjo imeachana. Maandishi yake hakuna anayeyajua, hata hukohuko kwao. Kina maduara, nukta na miezi.

Wakati wa chakula nikamwonyesha Leokadia nukta saba zilizobanana. "Hiki ni Kilimia, zile nyota za kulimia. Kwetu Madaba kikitokea jioni, majembe yanatoka ndani."

"Dada nawe! Kila kitu shamba!" Akacheka.

Saa tisa nikamsikia: "Baba Padri, nadhani hizi ni nyota. Kitabu kizima ni kalenda ya anga."

Nadhani! Padri alimpa mkono, akamwachia kazi ya kupanga kurasa. Akazipanga kwa mwezi, kuanzia mwandamo hadi mpevu. Mimi nikapewa kushona.

Mikunjo iliyowahi kushonwa pamoja, matundu yake hukutana. Haya, kwa mpango wa Leokadia, hayakukutana. Nikayafuata: Kilimia kilikuwa mwanzo, miezi ikafuata. Mwandishi yule alianza mwaka wake kama sisi, na kilimo.

Padri akapita. "Mama, kuna tatizo?"

"Hakuna, Baba. Uzi umejikunja tu."

Nikatoboa matundu mapya. Nilitaka Leokadia akosee, na akosee mbele za watu.

Hakuonekana amekosea. Wageni walikuja, akawaeleza anga kwa fimbo mkononi. Mimi nilistaafu, nikapewa kitenge na redio.

Mwaka jana Leokadia alinifuata nyumbani kwangu Ruhuwiko, naye ana mvi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Kalenda yangu inanikatalia, dada. Kilimia kimekaa katikati, hakiingii popote. Miaka yote hii! Wewe uliyekishona, hukuona kitu?"

"Nilishona nilichopewa."

Akamaliza togwa yake, akaaga. Nilifurahi hadi jioni. Kulipokucha furaha haikuwepo, nami ningali namwonea wivu.

Ninyi mnaoanza kazi, msidhani wivu hutetemesha mikono. Siku ile nilishona vizuri kuliko siku zote. Matundu ya zamani bado yapo. Fumueni uzi wangu, myafuate.

Kesho nampelekea Leokadia karatasi hii, awe wa kwanza kuisoma. Namjua. Kabla hajanikasirikia, atachukua kalamu asahihishe herufi zangu.