Gia ya Tatu ya Mzee Metui

Cresensia alikuwa akiwaambia majirani kwamba kama angeolewa na ule mti wa mgrevilea wa uani, angepata mazungumzo zaidi. Hakuwa akitania sana. Mumewe, Josephati, aliweza kushinda siku nzima chini ya gari, akatoka, akanawa, akala, akalala, na usimsikie akisema zaidi ya "chumvi iko wapi". Ila ukimwuliza habari ya gari lako atakueleza, tena kwa upole, mpaka uelewe.

Alizaliwa Qurus, kwa watu wa jembe. Kaka zake walibaki na mahindi na maharage ya ngwara. Yeye akaenda kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, akaosha vipuri kwa dizeli hadi mikono ikachubuka, na polepole akawa fundi. Miaka ile ya mwanzoni mwa themanini, sabuni yenyewe ikiwa ya kupangiwa foleni, alijenga banda la mabati machakavu kando ya barabara pale Karatu akaanza kujitegemea. Kaka zake walimcheka. Wakamwambia kipande chake cha shamba watamlimia, ila masika yakianza na banda bado halina wateja, arudi ashike jembe. Josephati alikubali. Jembe hakulichukia. Aliogopa tu kuzeeka akijua kwamba kazi anayoiweza aliiacha barabarani.

Giaboksi ya kwanza aliyoifungua kwa jina lake mwenyewe ilikuwa ya mzee Metui, Mmasai wa Malambo. Mzee huyu na wenzake wa rika moja waliuza ng'ombe wakanunua Landrova kuukuu, na ndiyo iliyopeleka chumvi na unga kule kwao na kuleta wagonjwa huku. Aliiendesha mwenyewe, rubega amejifunga vizuri, fimbo nyuma ya kiti. Giaboksi ilipokufa, Josephati alikusanya matumbo ya giaboksi mbili za zamani akaunda moja. Kilichokosekana ni gasketi ya kukaa chini ya kikombe kinachoshika mkono wa gia. Dukani hakuna, na Josephati alikuwa akifikiria kukata karatasi ya mfuko wa saruji.

"Karatasi?" mzee Metui alishangaa. "Sisi tutumie karatasi, na ngozi tunazo?"

Akaleta kipande cha ngozi ya ng'ombe alichokikata mwenyewe kwa kisu, matundu ya nati yamekaa sawasawa. Josephati alikipima kwa vidole akaona ni kinene. Alifungua mdomo, akautazama uso wa mzee ulivyojaa furaha, akaufunga. Akakiweka, akakaza nati mpaka ngozi ikabana. Gia zote zikaingia. Mzee akaondoka akiimba.

Mwezi haukuisha, Landrova ikarudi.

Ilirudi asubuhi moja ya jua, ikitambaa. Aliteremka mzee Metui, na nyuma yake mwenzake wa rika aitwaye Lomayani, ambaye hakuwa na furaha hata chembe. Kwenye benchi la gereji alikuwa amekaa Inosenti, mwenye lori la kubeba vitunguu kutoka Mang'ola. Alikuwa amekuja kupatana na Josephati amfungulie giaboksi ya lori lake, kazi ambayo ingewanyamazisha kaka wa Qurus mara moja.

"Ero, fundi," alisema mzee Metui. "Gia ya tatu imekataa. Ikikubali, inatoka yenyewe. Kwenye mteremko wa geti la hifadhi la Lodoare imetoka, gari likakimbia kama ndama aliyekata kamba. Nimelishika kwa breki tu."

"Ng'ombe zetu zimekwisha kwa chuma," alisema Lomayani.

Inosenti alikunja nne. "Fundi, mimi sina haraka. Acha nione hili kwanza."

Josephati alilizunguka gari akiwaza. Ndani ya giaboksi, kati ya shafti za gia, kuna kipini kidogo kinachozuia gia mbili zisiingie pamoja, na kuna gololi zinazosukumwa na springi ili gia ikishaingia itulie. Ikiwa alisahau kimoja, au springi zile kuukuu zimechoka, ni kuishusha giaboksi nzima upya, na hapo Inosenti hangengoja.

Hakushika spana. Aliingia garini akakaa, injini imezimwa, akakanyaga klachi na kusukuma mkono wa gia. Ya kwanza iliingia, ya pili ikaingia. Ya tatu ilikwama njiani. Akarudia bila haraka.

"Si klachi," alisema. "Klachi mbovu inasumbua injini ikiwaka. Hapa injini imelala, na bado gia inakataa."

Kwake hiyo ilikuwa hotuba. Akafungua nati za kikombe, akauchomoa mkono wa gia na kuuweka kando. Kisha kwa bisibisi akazisukuma shafti zenyewe, moja baada ya nyingine. Gia ya tatu iliingia kwa mlio mdogo, ikatulia. Ya nne vilevile, na rivasi pia. Josephati alishusha pumzi. Giaboksi yake ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa juu, kati ya kiganja cha dereva na zile shafti.

Ndipo alipoigeuza gasketi. Ngozi ilikuwa imekunywa oili ya moto ikaumuka kama andazi. Ilikinyanyua kikombe, na ncha ya mkono wa gia haikufika tena chini ilikotakiwa kushika. Kwa gia ya kwanza na ya pili mkono husimama wima, hivyo ncha iliponea chupuchupu. Kwa ya tatu ni lazima ulale upande, na ukilala ncha inapanda zaidi.

Aliishika ile ngozi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akisema ngozi ndiyo mbaya, atamwaibisha mzee wa watu mbele ya mwenzake wa rika, kwa kitu alichokileta kwa moyo mweupe. Asiposema, lori la vitunguu linaondoka.

"Umeona nini?" aliuliza Inosenti.

"Gasketi," alisema Josephati. "Niliweka nene. Kosa langu."

Akakata mpya kwenye mfuko wa saruji, akaipaka grisi, akafunga. Inosenti alisimama akakung'uta suruali. "Fundi wa kukosea gasketi," alisema, "nitampaje giaboksi ya lori?" Akaanza kwenda zake.

Josephati aliinama kuokota spana zake.

"Wewe, simama," alisema mzee Metui. "Ile ngozi nimekata mimi, kwa kisu hiki. Fundi hakuitaka. Niliuona uso wake hautaki, nikajifanya sijaona, maana nilitaka gari letu liwe na kitu cha mkono wangu. Sasa huyu amebeba aibu yangu mbele yenu, na wewe unamwacha nayo."

Lomayani alimkodolea macho. Mzee wa heshima kama yule kukiri kosa mbele ya mfanyabiashara wa vitunguu, hilo hakuwahi kuliona.

"Panda," Metui alimwambia Inosenti.

Wakapanda wote wawili, wakaenda hadi mteremko wa njia ya Rhotia na kurudi. Josephati alisimama bandani akisikiliza kwa mbali: ya pili, kisha ya tatu, injini ikivuta mlima, kisha ikilizuia gari kwenye mteremko bila gia kuchomoka. Inosenti aliposhuka alisema kwa kifupi tu kwamba lori atalileta Jumatatu, akaondoka akiangalia pembeni.

Mzee Metui hakuzima injini. Alitoa mkono dirishani akaushika mkono wa fundi uliojaa grisi, wala hakuujali.

"Safari ijayo nakuletea kondoo jike," alisema. "Paker."

Wamasai waliopeana mnyama hawaitani tena kwa majina. Huitana kwa mnyama yule, pande zote mbili, hadi kufa, na Paker huitana waliopeana kondoo. Karatu nzima ililijua hilo, Josephati naye alilijua. Lakini yeye alikuwa Mwiraqw wa Qurus, mtu wa banda la mabati machakavu, na hakuna aliyewahi kumwita hivyo.

"Paker," alijibu, akaukaza mkono wa mzee.