Kibanio Chekundu cha Mama Pacha

Mlango wa duka umefunguliwa nusu, na tayari Mama Pacha ana mteja mmoja mbele yake na wawili kwenye benchi. Anaandika bila kuangalia vidole. Aliyeketi naye ni mwanamke mwenye gauni la maua anayeomba kazi ya upishi. Cheti amekisahau nyumbani.

"Nenda kakilete, dada. Nafasi yako haiendi popote," anamwambia, na kumpa kibanio chekundu cha kuanikia nguo.

Mwanamke anakigeuzageuza. "Hiki cha nini?"

"Usikipoteze tu. Ndicho kitakachoniambia wewe ni nani."

Kazi yake ni kuwajazia watu maombi kwenye mtandao: leseni, vyuo, ajira. Duka ni chumba kimoja chenye kompyuta kuukuu, mashine ya kutolea nakala na feni inayopiga kelele kuliko inavyopuliza. Mwenye duka ni mjomba wake.

Karibu kila mteja husahau kitu. Mama Pacha hamfungii mtu kazi yake kwa sababu hiyo. Huiacha wazi kwenye kichupo, kile kidirisha kidogo kinachojitokeza juu ya kioo cha kompyuta kila ukifungua ukurasa mpya, akahudumia mwingine. Ikifika adhuhuri vichupo vimebanana hata maandishi hayasomeki.

Ndivyo alivyotuma picha ya fundi bomba kwenye maombi ya binti aliyetaka kusomea uuguzi.

"Mapacha wangu siwachanganyi hata gizani," anasema. "Wateja nikawachanganya mchana kweupe."

Mjomba hakucheka. Alimwambia kosa la pili ndilo la mwisho, atafute kazi kwingine. Mapacha hao anawalisha peke yake, kwa hiyo hakulichukulia neno hilo kama utani.

Akachokonoa kivinjari, ile programu ya kufungulia mtandao, hadi akafika kwenye ukurasa wa mambo ya majaribio. Juu paliandikwa onyo: vitu hivi havijakamilika, ukiviwasha unaweza kupoteza kazi zako. Alisubiri benchi libaki tupu, akawasha kimoja, cha kukusanya vichupo katika mafungu yenye rangi. Kivinjari kikajifunga, kikafunguka upya, na vichupo vikajipanga ubavuni mwa kioo.

Rangi akazichagua kwa nguo. Aliyevaa bluu, fungu la bluu. Majina hakuyatumia, maana watu hawapendi kuitwa kwa sauti mbele ya foleni, hasa anayetafuta kazi nyingine bosi wake asijue.

Mambo yakaenda, hadi alipokuja dereva wa lori na ovaroli ya bluu. Mwisho wa kuomba leseni yake ulikuwa jioni ileile. Akatumwa nyumbani kuleta cheti cha daktari. Akarudi ameoga, na shati la njano lililopigwa pasi.

Mama Pacha akafungua fungu la njano. Akapandisha cheti, akapeleka mshale kwenye kitufe cha kutuma. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yake.

"Dada, ngoja kidogo," dereva akasema. "Huyo kwenye picha ni mimi?"

Kwenye kioo alikuwa mama wa makamo, ana kilemba na hereni.

"Si wewe."

"Nilidhani mmenipendezesha." Akamgeukia mjomba. "Mzee, kumbe humu kuoga ni kosa."

Mjomba akauliza, "Kimeshatumwa?"

"Bado."

"Basi mimi sijaona kitu," akasema, akarudi kwenye mashine yake ya nakala.

Maombi ya dereva yalitumwa kabla ya jioni, yakiwa na sura yake mwenyewe. Mama Pacha alipofika nyumbani alichomoa vibanio vyote vya rangi kwenye kamba ya nguo, akavipeleka dukani. Siku hizi nguo za mapacha zinaanikwa juu ya ua, na upepo ukivuma jirani ndiye anayezirudisha.

Hofu yake ni kwamba kitu cha majaribio kinaweza kuondolewa siku yoyote. "Wakikiondoa, nitabana vibanio kwenye kioo chenyewe," anasema. Anapanga kupata kompyuta yake na meza kwenye baraza ya nyumbani. "Hapo mjomba nitamsalimia kama mjomba, si kama bosi."

Mwanamke wa asubuhi anaingia. Amebadilisha gauni, amesuka na nywele. Mama Pacha hamtazami usoni. Anatazama kola, ambako kibanio chekundu kimebanwa, kisha anafungua fungu jekundu.

"Karibu, dada. Tuliishia kwenye cheti."