Udongo Uliolowa Chini ya Punda

Mimi ni daktari wa mifugo, na hasira zangu ziko karibu. Huku Zombe wote wanalijua hilo. Asubuhi moja mama mjane aliniita nimtazame mtoto wa punda, dume, aliyezaliwa siku iliyotangulia. Punda mama alikuwa amezeeka kwa kubeba maji ya mtoni, na huyo mdogo ndiye angemrithi mitungi. Mjane hakuwa na punda mwingine.

Punda mama alikuwa ametoka mtoni, amesimama na mizigo yake mgongoni; kando yake nilimkuta mtoto ametanua miguu, mkia juu, anajikamua. Nikasema kinyesi cha kwanza kimekwama. Nikampiga bomba la maji ya sabuni, kikatoka kidogo, nikaanza kufunga mkoba.

"Daktari, lakini mimi sijaona akikojoa," mama akasema. "Tangu azaliwe."

Nikamwonyesha udongo uliolowa kando ya miguu ya mtoto. "Na hii ni nini, mama? Umande?"

Akanishikia mkoba niufunge. Hakuwa mtu wa kubishana na mgeni aliyekuja kumsaidia, nami nilipenda hivyo.

Baada ya siku mbili alinipigia simu. Tumbo la mtoto lilikuwa limevimba na alikuwa hanyonyi tena. Nilirudi, nikamchoma sindano tumboni, yakatoka maji ya manjano yenye harufu ya mkojo. Kibofu kilikuwa kimepasuka, pengine wakati wa kuzaliwa, na siku zote hizo mkojo ulimwagikia ndani ukimtia sumu. Angepasuliwa na kushonwa mapema, labda angepona. Nilitoa mkojo nilioweza, nikamtundikia dripu, nikaita gari limpeleke Nairobi. Moyo wake ulisimama kabla gari halijafika.

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Sikio lilikuwa langu, lakini aliyekufa ni yeye.

Tulikuwa bado tumechuchumaa pale punda mama aliporudishwa kutoka mtoni na mizigo yake. Akasimama palepale alipokuwa amesimama siku ile ya kwanza, akainamisha kichwa kumnusa mwanawe. Mtungi mmoja ulikuwa umezibwa kwa gunzi la mahindi. Maji yakadondoka tone baada ya tone, mpaka udongo ukalowa.

Niliona aibu, nikalia mbele ya yule mama. Yeye alifungua mtungi uleule, akanimiminia maji ninawe mikono.

"Pole, daktari," akasema.