Ndevu za Shavu la Kushoto

Kama hujawahi kunyolewa na Mstari, basi hujawahi kunyolewa, umepunguzwa nywele tu. Jina alilopewa na mama yake lilishasahaulika. Watu walimwita Mstari kwa sababu ya ule mstari wa kwenye paji la uso, unaotoka sikio hadi sikio bila kuyumba, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Akimaliza kazi alirudi nyuma, akainamisha kichwa, akajitazamia alichofanya kama mpishi anayeonja na kujisifia mwenyewe. Majivuno hayo aliyarithi.

Aliyemrithisha alikuwa amekaa palepale, kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Mzee, baba yake, kinyozi wa miaka na miaka, kipofu sasa. Macho yalimwishia polepole, yakianzia pembeni kuja katikati. Kila alipoambiwa nenda hospitali alijibu ni uzee, ni vumbi, ni taa hafifu; siku aliyokwenda, aliambulia kupewa pole. Lakini usidhani alistaafu. Thubutu! Hakuna mteja aliyetoka dukani bila kupita mbele yake. Unainama, Mzee anapitisha kidole gumba kisogoni na nyuma ya masikio, kisha anasema "nenda" au "rudi". Ukiambiwa rudi, unarudi kitini, na Mstari anashika tena mashine bila ubishi. Wateja walishazoea.

Sasa, "rudi" zikaanza kuwa nyingi.

Ilikuwa hivi. Siku moja Mstari yuko kazini, akaona kidoa cha mwanga kinachezacheza pembeni. Kidoa kikakua, kikawa meno ya msumeno yanayometameta, na yaliposogea, upande wote wa kulia ukawa haupo. Haukuwa mweusi, la, haukuwepo tu. Akafumba jicho moja, akafumba la pili, mambo yaleyale. Baada ya muda vyote vikapotea. Hajamaliza kushukuru, kichwa kikaanza kugonga upande mmoja, na kichefuchefu juu yake. Akameza vidonge vya maumivu, akajikaza. Mara ya pili ikaja, mara ya tatu, mwisho vidonge vikahamia mfuko wa koti la kazi, anameza kila asubuhi hata kabla hakijauma, eti anakiwahi.

Kwa mtu mwingine kingekuwa kichwa tu. Kwa Mstari ilikuwa zamu yake imefika. Alijiona kabisa kwenye kiti cha pili cha plastiki, upande wa pili wa mlango, baba na mwana wamekaa kama mitungi. Aliogopa, jamani, aliogopa kweli. Na dawa aliyoichagulia hofu hiyo ilikuwa ileile ya baba yake: kutokwenda hospitali.

Alikosea kumlalamikia mteja mmoja, tena kichwa tu, macho hakuyataja. Basi duka zima likageuka madaktari.

"Presha hiyo," akasema dereva wa lori. "Punguza chumvi."

"Presha wapi! Miwani," akadakia mwalimu mstaafu. "Mtu wa umri wako unajidai unaona bado?"

Mke wa Mstari, aliyeleta chakula, akasema mtu huyu hanywi maji, na simu haimtoki mkononi. Fundi bomba akaanza hadithi ya shemeji yake aliyeumwa kichwa hivihivi, kumbe ni uvimbe; wenzake wakamtolea macho, akaikatisha. Kila mmoja alikuwa na hakika, na hakuna aliyekuwa na kipimo. Mzee, mdomo wake usiokosa la kusema, siku hiyo alitulia akisikiliza tu.

Kila Ijumaa kabla ya kufungua duka, Mstari humnyoa baba yake ndevu. Kinyozi hajinyoi, na huyu wa kwetu hata anaponyolewa na mwanawe humsimamia. Ijumaa hiyo msumeno ulitokea katikati ya kazi. Mstari alikuwa amesimama mbele yake; shavu la kulia la baba aliliona vizuri, la kushoto halikuwepo. Angesema "subiri kidogo", yangeisha. Hakusema. Akakisia, akapangusa povu.

"Tayari, baba."

Mzee akapitisha gumba. Shavu la kulia, kidevu, shavu la kushoto. Hapo kidole kikasimama. Kulikuwa na kishungi cha ndevu, upana wa kifuniko cha soda.

"Safi," akasema Mzee.

Mstari alipaswa kushtuka hapohapo. Tangu kuzaliwa kwake hajawahi kusikia neno hilo kutoka kinywa hicho. Alishtuka baadaye, macho yaliporudi na kuona alichokiacha. Akakimbilia wembe.

"Baba, lete nimalizie hapo."

"Paache. Nafuga."

"Unafuga shavu moja?" akauliza mkamwana wake, mke wa Mstari, kutoka mlangoni.

"Naanza na moja, nione kama nitalipenda."

"Utaona na nini, baba?" Mkamwana alicheka mpaka akashika ukuta, na Mzee akacheka naye. Mstari hakucheka. Siku zote zilizofuata alibembeleza, na jibu lilikuwa lilelile: nafuga. Wateja walimtazama Mzee, wakamtazama Mstari, wakaangalia chini kwa adabu.

Jumatatu asubuhi Mzee akasema, "Nipeleke kwa daktari wa macho. Yananisumbua."

"Macho yapi, baba?"

"Kwani nina mangapi ya akiba? Hayahaya."

Utamkataliaje baba hospitali? Mstari akafunga duka, wakaenda. Zamu yao ilipofika Mzee aliingia ameshikwa mkono, akapapasa kiti cha mgonjwa, akakipata, kisha akamsukumia mwanawe juu yake.

"Mgonjwa ni huyu, daktari. Mimi nimemsindikiza."

"Baba!"

"Kaa. Umeniachia ndevu. Mwanangu mimi haachi ndevu."

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, hakucheka, ila alichelewa kidogo kuinua uso. Akauliza: mwanga unatangulia maumivu au unafuata? Ukifumba jicho moja unaondoka? Vidonge, mara ngapi? Mstari aliposema kila siku, kalamu ikasimama. Akapimwa presha ya mwili, akamulikwa ndani ya macho, akapulizwa upepo machoni na mashine nyingine, wakaitwa tena.

"Hicho ni kipandauso," akasema daktari. "Kwa wengine hutanguliwa na mwanga kama huo. Unatoka kwenye ubongo, si jichoni, ndiyo maana ukifumba bado uko. Na vidonge vya kila siku navyo sasa vinakuletea kichwa. Tutaviacha kwa utaratibu. Presha ya mwili ni nzuri, na nyuma ya macho sioni dalili za uvimbe. Lakini kikija cha ghafla, kikali kuliko vyote, au mkono ukilegea, au ulimi ukiwa mzito, usingoje kesho."

Mstari akashusha pumzi. "Kwa hiyo sitapofuka."

"Hapo sijafika. Presha ya macho yako imepanda. Haihusiani na kichwa chako. Hiyo yako haiumi, na huo ndio ubaya wake. Tumeikuta kwa bahati. Mara nyingi inatembea kwenye ukoo. Bado hujapoteza kitu. Matone kila jioni, bila kuacha, na uje upimwe."

Mzee akakohoa. "Na mimi, daktari. Yangu yalianzia pembeni. Ningekuja mapema?"

Daktari akamtazama Mstari, kisha akamjibu Mzee mwenyewe. "Huenda ungekuwa unaona, baba."

Mzee akatikisa kichwa polepole. Iliuma, na hakuficha kwamba imeuma. Aliyafuta macho hayo yasiyoona kwa ncha ya mkono wa shati. "Sawa," akasema. "Nilitaka alisikie na yeye."

Jioni ile matone yalikuwa na sherehe yake. Mkewe Mstari alishika chupa. Kichwa akashika Mzee, kwa mikono miwili, akakilaza nyuma kama vichwa vyote alivyowahi kuvilaza.

"Tulia. Ukitikisika nitakukata."

Tone, tone. Mstari akafumba, akafumbua. Juu yake ulikuwa uso wa baba yake, karibu sana, na kile kishungi cheupe cha ndevu shavuni.

"Unaziona?" akauliza Mzee.

"Naziona, baba. Zote."

"Basi lete wembe."

Mstari alinyoa taratibu, macho yake yakimwagika matone na yasiyo matone. Alipomaliza, Mzee akapitisha gumba shavuni, akarudia, akatafuta kosa, akalikosa.

"Rudi," akasema.

"Wapi tena, baba? Nimemaliza!"

"Kesho jioni. Kwa matone."