Doa Jeupe na Soda za Mama

Nakumbuka ilikuwa saa moja na dakika ishirini asubuhi, nyumbani kwa mama Kisesa, mkono wake wa kushoto ulipoanza kujirusha wenyewe. Kikombe kilimtoka, uji ukamwagika, na mkono ukaendelea kupiga hewa kama unafukuza nzi.

"Mama, tulia."

"Nitulie vipi? Mwambie huyo," akajibu, akiuonyesha mkono kwa kidevu. "Umekuwa dume la ng'ombe, haukubali kamba."

Nilicheka naye, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimesoma vitabu viwili vitatu vya tiba, nikajiona najua. Majirani walileta soda, kama tunavyompelekea mgonjwa yeyote. Nikawa namnywesha apate nguvu, na kila chupa nikaiandika kwenye daftari pamoja na saa yake. Hadi siku ya tatu mkono ulikuwa unapumzika akilala tu.

Siku hiyo tukampeleka hospitali Mwanza, wakampiga picha ya ubongo. Upande wa kulia, ndani kabisa, palionekana doa jeupe. Daktari kijana akasema huenda ni damu imevuja. Baba mkubwa, aliyetusindikiza, akaninong'oneza tumrudishe mama akafie nyumbani kwake. Nikatoka kumnunulia mama soda nyingine.

Niliporudi, daktari mwingine, mwanamke mtu mzima mwenye miwani, alikuwa ameielekeza ile picha dirishani.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Hiyo soda ya nani?"

"Ya mgonjwa."

"Anakunywa ngapi kwa siku?"

Nikampa daftari kwa majivuno. Akasoma ukurasa mzima.

"Umeandika vizuri sana. Sasa nionyeshe, sukari yake uliipima saa ngapi?"

Sikuwa nimeipima hata mara moja. Akamtoboa mama kidole, sukari ilikuwa juu mno. Akanieleza kwamba ikipanda hivyo huweza kuvuruga sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo wa viungo, na kwenye picha weupe wake mtu anaweza kudhani ni damu. Wakaanza kumpa insulini. Mkono ulitulia kidogo kidogo. Wiki ya tatu akashika kikombe. Miezi baadaye picha nyingine ilionyesha doa limefifia.

Mwanangu, kiungo cha mtu kikianza kujirusha, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na uombe sukari ipimwe, hata kama hajawahi kuambiwa ana kisukari. Usikae naye siku tatu ukimnywesha soda kama mimi. Na ukishaandika yote uliyofanya, jiulize ni lipi hukulifanya. Mungu akuachie mama yako, na mikono yake itulie. Kipimo kile cha kidole kilikuwa shilingi elfu moja tu.