Kondoo Aliyeondoka na Basi la Songea

Enzi zetu kule Kichiwa mtoto hakuulizwa kama anasikia baridi. Alivishwa. Ikifika Juni ukungu uliingia mpaka ndani ya nyumba, maji ya ndoo yakawa yanauma vidole, na sisi tuliokwenda shule peku tulikimbia njia nzima ili miguu isife ganzi. Mifukoni tulitia viazi vya kuchemsha vikiwa vya moto. Kwanza vilitupasha mikono, halafu tukavila wakati wa mapumziko, vimepoa na vimeshika manyoya ya sweta. Siku hizi nawatazama vijana wa hapa mtaa wa Ramadhani ninapoishi, asubuhi ya baridi kali wametoka na suruali iliyochanwa magotini kwa makusudi, masikio nje, wanapuliza viganja. Ukiwaambia wavae kofia wanasema itaharibu nywele. Zetu zilinyolewa kwa wembe, hazikuwa na cha kuharibika.

Mdogo wangu Faraja alikuwa anaugua masikio. Kila kipupwe yalitoa usaha, akalia mpaka sauti inakauka. Mganga wa zahanati akamwambia mama, "Huyu masikio yake yafunikwe. Mkifanya mchezo atakuwa kiziwi." Mama akafumua sweta langu kuukuu la shule, akafuma mzula, ile kofia ya sufu inayoshuka mpaka shingoni. Faraja akauvua. Mama akamvisha tena, akauvua, akautupa kwenye banda la nguruwe. Nguruwe hawakuutaka pia.

Mama hakuwa mtu wa maneno mengi. Jumapili moja baada ya ibada alikaa karibu na moto, akafuma kondoo mdogo mweupe wa kujaa kiganja, akamshindilia mabaki ya sufu tumboni, na chini ya miguu yake akaacha kitanzi. Juu ya mzula akashona kifungo kikubwa alichokitoa kwenye koti la baba. Akamfunga kondoo pale juu, naye kondoo akasimama vizuri kama yuko kilimani.

"Huyu anakaa hapa," akamwambia Faraja. "Unaweza kumshusha mkacheza, mkimaliza arudi kwake. Ukiivua kofia, hana kwao."

Faraja alifikiri kwa muda mrefu kwa mtoto wa miaka minne. Tangu hapo mzula ulitoka kichwani kwa kuoga tu.

Basi, haukupita muda kijiji kizima kikataka. Mama alifuma kuku, sungura, nguruwe, hata ng'ombe ambaye pembe zake hazikusimama, akaonekana kama mbwa mwenye huzuni. Uzuri wake ni kwamba walikuwa wanatoka kwenye kofia, kwa hiyo tulibadilishana. Asubuhi unaondoka nyumbani na kuku, jioni unarudi na sungura, na mama zetu wanauliza kulikoni. Kanisani mwinjilisti akisimama kuomba alikuwa anaona mifugo imejaa kwenye mabenchi ya mbele. Akazoea kusema kwanza, bila kucheka, "Mifugo iingie zizini." Sote tunawashusha na kuwatia mifukoni, ndipo anaanza kuomba.

Mwaka uliofuata mama aliamua kuzipeleka kofia Makambako. Tulipanda lori la viazi, mimi, mama na Faraja. Pale karibu na stendi akatandika turubai, akazipanga. Makambako ilikuwa, na bado ni, mahali ambapo hakuna mtu aliyetulia. Huku gari la Mbeya, huku la Songea, huku linalokwenda Iringa, wauzaji wanakimbilia madirishani na mayai na mahindi, wapiga debe wanavutana na mizigo ya watu. Faraja alikaa kati yetu akimlisha kondoo wake majani. Mama alikuwa anamvalisha mtoto wa mteja, mimi nimeshika kofia za kuchagua. Mama alipogeuka, pale kati yetu palikuwa na majani tu.

Hakupiga kelele. Alimwomba mwanamke wa ndizi aliyekaa jirani atazame turubai, akachukua kofia moja, akanishika mkono. Tukaanza kupita kwenye mabasi. "Mmeona mtoto? Ana kofia kama hii, juu kuna kondoo mweupe." Hakuna. Basi lingine. Hakuna. Kila gari lililowasha injini mama alilikimbilia, akapanda, akatazama mpaka chini ya viti, na abiria wakalalamika. Wakati tuko ndani ya moja, jingine linaondoka. Sijui kama nimewahi tena kuona dunia kubwa kiasi kile. Barabara zote zilikuwa wazi na kila moja ingeweza kuwa imemchukua.

Kisha mpiga debe mmoja akasema, "Mama, mtoto nimemwona. Lakini huyo hakuwa na kondoo. Kofia yake ina kifungo kitupu."

Mama akaniachia mkono. Faraja hakuwa anampa mtu kondoo wake, hata mimi. Kama kondoo hayupo, basi kuna mtu amemnyang'anya, na aliyeweza kumnyang'anya ameweza pia kumchukua.

"Alielekea wapi?"

"Barabara ya Songea. Anakimbia."

Tulikimbia na sisi. Mbele kidogo, pale mabasi yanapoongeza mwendo, tulimkuta. Mwanamke mmoja mchoma mahindi alikuwa amemkalisha kwenye mapaja yake, amemfunga kitenge chake kiunoni ili asichomoke, huku anageuza mahindi kwa mkono mmoja. Faraja alikuwa amejaa vumbi na machozi.

"Kamwene, mama," mama yangu akamsalimu, pumzi hana.

"Kamwene. Ni wako? Alikuwa anafukuza basi. Nikasema huyu simwachi mpaka mwenyewe afike."

Faraja akaeleza. Ndani ya basi kulikuwa na mtoto wa kike analia dirishani. Akamrushia kondoo amchezee kidogo anyamaze. Akanyamaza, na basi likaondoka.

"Kondoo amekwenda Songea," akasema. "Hajui kurudi."

Mama hakumpiga. Alikaa chini pale pale ukingoni mwa barabara, akamvuta, akalia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake hata alipofiwa na mama yake. Mchoma mahindi akatugawia hindi moja moja, akakataa kulipwa. Jina lake hatukuuliza.

Faraja alikataa mnyama mwingine yeyote. Alivaa mzula wenye kifungo kitupu mpaka ukambana, masikio yakapona. Leo yuko Igwachanya, anaendesha bodaboda, na anasikia vizuri kuliko mimi.

Watoto wa sasa wana kofia za dukani zenye masikio ya sungura; ukibonyeza miguu yake inayoning'inia chini, masikio yanaruka juu. Ni nzuri, ila sungura wake hashuki, huwezi kumpa mwenzako. Lakini hilo silo linalonisumbua.

Mwezi uliopita nilikuwa stendi ya Makambako. Katoto kamesimama peke yake kanalia, na vijana wamekazunguka wanapiga picha ili watume kwenye makundi yao. Watu wazima wanapita mbali, wanaogopa kuitwa wezi wa watoto. Nikaenda, nikachuchumaa mbele yake. Mama yake alipokuja mbio, alinitazama juu mpaka chini.

"Wewe ulikuwa unampeleka wapi?"

Nikasema sikuwa nampeleka popote. Akamnyakua akaondoka, na vijana wakanipiga picha na mimi. Yule mama simlaumu. Nami ningeuliza vile vile, siku hizi.

Nilipofika nyumbani nilimsimulia mama. Sasa amezeeka, vidole havikunjiki.

"Ulingoja mpaka mama yake akafika?" akauliza.

"Nilingoja."

"Basi, inatosha."

Kwake yeye inatosha. Mimi najiuliza leo nani angethubutu kumfunga Faraja kitenge, na tangu siku hiyo sijatulia.